Picha mia tatu za mutoto wangu

Mwaka tuliokula mpaka maharagi ya mbegu, tulikimbia kutoka Bihambwe. Wenzangu wa njiani waliniambia niache picha ya mutoto wangu aliyepotea, muzigo upungue. Nilisema: «Mimi siachi mutoto wangu.»

Huku Masisi mjini tulikofikia, mujukuu wangu Furaha akatengeneza programu ya kutafuta waliopotea. Mashine yake ya kompyuta ilifunga kila kitu cha dosiye ya mutu mmoja, habari na picha zake, kama furushi, litumwe Goma na kufanya kazi kwenye mashine yoyote. Mimi mjuaji wa darasa la pili nikabandika katika dosiye ya mutoto wangu, kwa siri, picha ileile mara mia tatu, atafutwe sana. Furushi likawa zito, rezo ya simu ikashindwa kulituma.

Wamama waliongoja dosiye za watoto wao zitumwe nyuma ya yangu walikuwa wanatuangalia.

Furaha akaniuliza: «Koko, njo wewe uliyezijaza humu? Nizitoe, nibakize moja?»

«Mimi siachi mutoto wangu.»