Mkunga wa Bonde la Cervo na Gari Lake la Rali

Ermelinda Zanone alikuwa na wazimu wa kupenda magari tangu usichana wake. Mshahara wake wa kwanza wa ukunga uliishia kwenye Fulvia, kigari chepesi kilichotamba kwenye mashindano ya rali, na kwa kigari hicho alizalisha karibu nusu ya bonde zima la Cervo, kule juu ya mji wa Biella. Kwenye kona kilikuwa kitamu kuliko sukari. Lakini magurudumu yaliyovuta yalikuwa ya mbele tu, na theluji ikijaa, kilikwama.

Siku moja kilikwama kabisa. Ermelinda akakiacha njiani, akapanda mlima kwa miguu. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa mikononi mwa bibi yake, na mzazi amepoteza damu nyingi. Mzazi alipona, ila mkunga hakuisahau ile damu sakafuni.

Akaenda kwa Evasio Prina, fundi wa magari, ambaye ujanani alikaa kando ya madereva wa rali akiwasomea daftarini kona zinazokuja.

"Mama mkunga," Evasio akamwambia, "gari la kukufaa limeshatoka kiwandani. Yale madude ya rali ya juzijuzi yamepigwa marufuku, yalikuwa yanaua watu. Sasa gari la rali lazima litokane na lile linalouzwa dukani. Wakitaka kushinda, watuuzie na sisi huo ushindi!"

"Likoje?"

"Delta. Sanduku tu, milango minne, na nyuma mlango wa kupakia viazi. Lakini magurudumu yote manne yanavuta, na lina tabo, ile inayoipulizia injini pumzi."

"Mjane wa umri wangu kwenye gari kama hilo? Watu watasema nimerukwa na akili."

"Kwani hawajasema?"

Akalinunua, jekundu. Evasio akamfundisha kwenye uwanja ulioganda barafu, yeye mwenyewe akiwa ameng'ang'ania mlango kwa mikono miwili.

"Kanyaga mafuta, mama! Ukiachia, linakuponyoka!"

Ermelinda akaachia. Gari likazunguka kama pia, likazama kwenye tuta la theluji hadi taa za mbele. Walicheka mpaka machozi yakawatoka, kisha wakachukua sepetu, wakalifukua, wakarudia mpaka gari likamsikia. Jioni hiyo alikula polenta, ugali wa mahindi wa kwao, na jibini, sahani mbili. Hakuwahi kushika kitu chenye nguvu namna ile kikamtii.

Majira ya baridi yaliyofuata, Ivana, mke wa mchonga mawe Renzo, alishikwa na uchungu kwenye kitongoji cha juu kabisa. Ermelinda alimpapasa tumbo, uso ukambadilika. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Hapo hapakuwa na la kufanya ila upasuaji, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshindwa kupanda.

"Mbebe mkeo," alimwambia Renzo. "Tunashuka."

"Kwa njia ipi, mama? Njia haionekani!"

"Mimi naijua. Wewe kaa nyuma, mshike kichwa. Ukitaka kutapika, tapika kwenye kofia yako."

Wakashuka. Theluji ilipiga kioo kama unga unaomwagwa kwa gunia. Ivana alipiga kelele, "Polepole, mama, nakuomba!"

"Polepole tutakwama, mwanangu. Pumua. Mimi niachie njia."

Kwenye kona ya daraja la mawe, mkia wa gari ulianza kuteleza kuelekea mtoni. Mwili wote wa Ermelinda ulitaka kukanyaga breki. Akakanyaga mafuta. Kwa kitambo kidogo hakikutokea kitu, kisha akayasikia magurudumu ya mbele yakiuma theluji, yakilivuta gari zima kutoka ukingoni, na daraja likawa nyuma yao. Renzo alikuwa anasali kwa sauti, akichanganya majina ya watakatifu.

Walifika hospitali mchana kweupe. Mtoto akatolewa salama, msichana mwenye sauti ya kupasua masikio.

"Tumwite Delta," Renzo akasema, machozi yakimtiririka.

"Utamwita hivyo ukizaa wewe," Ivana akajibu kitandani.

Wakamwita Ermelinda.

Miaka ikapita, na gari nalo likaendelea kukua. Kila ushindi wa rali uliacha alama kwenye lile la dukani: kwanza injini ikaongezwa pumzi, kisha mabati ya juu ya magurudumu yakavimba kama mabega ya bondia. Mkunga alibadilisha mara moja tu, akachagua tena jekundu.

Siku ya rali ya Biella watu walikuwa wamejipanga kwenye kona za mlimani, mkate na soseji mikononi, wakingoja magari ya mashindano. Njia ilikuwa imeshafungwa Ermelinda alipofika kwenye kizuizi. Kulikuwa na mama mwenye uchungu huko juu. Mlinzi wa njia alizungumza kwenye redio, wakuu wakachelewesha kuanza, kamba ikaondolewa.

Watu wa kona ya kwanza wakasikia injini inakuja, wakaona Delta jekundu likikata kona kwa ndani bila kupoteza hata tone la mwendo. Wakapiga makofi kwa nguvu.

"Nani huyo? Mbona hana namba mlangoni?" mgeni mmoja akauliza.

"Mkunga wetu huyo," akajibiwa. "Anawahi kazini."

Makofi yakazidi, yakapanda naye kona baada ya kona.