Nimepima braid kwa ndoo ya maji, ikaja kushindwa na fundo la baba mkwe

Wakuu, salamu kwenu, na shikamoo kwa wanaostahili.

Hii sikusimuliwa na mtu, imenikuta mwenyewe mwezi uliopita, na sitatia chumvi popote.

Mimi ni wa Mombo, nimeoa Magamba, kule juu kwenye baridi. Baba mkwe wangu ni mstaafu, kazi zake zote alifanya msituni. Mtu mpole, ila kwangu alikuwa wa salamu tu.

Shikamoo baba. Marahaba mkwe. Basi.

Ndoa ina miaka miwili na maongezi yetu hayajawahi kuvuka mvua na kabichi. Iliniuma, sitaki kudanganya.

Siku moja mke wangu akaniambia ujanani mzee alikuwa akishuka huku tambarare kuvua kambale. Nikaona huo ndio mlango. Nikamwalika bwawa la umwagiliaji la huku kwetu.

Sasa sikutaka aibu. Kambale wa pale ni wakubwa na chini kuna mawe na visiki, nailoni hazidumu. Nikaamua kutafuta braid, ule mshipi wa kusukwa kwa nyuzi nyingi.

Nikapata aina mbili. Moja ya bei chee ya dukani, nyingine ya nyuzi nane niliagiza Dar ikaja na basi.

Testing ilikuwa ya kienyeji kabisa. Nafunga mshipi kwenye tawi la mpera nyuma ya nyumba, huku chini nafunga ndoana kubwa, naitundikia ndoo ya lita ishirini imejaa maji. Halafu nausugua mshipi kwa jiwe lililolowa.

Ile ya bei chee ilinipaka kijani vidoleni, kisha ikafumuka, ndoo ikanimwagikia miguuni. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Ya nyuzi nane ikagoma kukatika. Ila hapa tusikilizane: kwa fundo letu la nailoni, lile la kuzungusha zungusha na kupitisha, ndoo ilianguka vilevile. Mshipi mzima, fundo limeteleza. Braid ni laini mno.

YouTube nikajifunza jingine. Unaukunja mshipi uwe mara mbili, unapitisha kwenye tundu la ndoana, unafunga, kisha ndoana yenyewe unaipitisha ndani ya kitanzi. Unalowesha, unakaza. Ndoo ilikaa asubuhi mpaka mchana.

(Msizungushe braid mkononi mkivuta. Kidole changu kina kovu.)

Jumamosi tukafika bwawani. Mzee akachukua fimbo yangu ya kuvulia, akalitazama fundo, akatikisa kichwa. Akatoa kisu, akalikata, akafunga la kwake.

"Hili ndilo fundo, mkwe. Nalifunga tangu hujazaliwa."

Lilikuwa lile lile lililoangusha ndoo.

Ningesema nini, wakuu? Baba mkwe hasahihishwi. Nikasema "Ahsante baba".

Haikupita saa, fimbo ikapinda. Mzee akasimama, akaanza kucheka na kuongea Kishambaa peke yake. Sijawahi kumwona hivyo. Kambale akaibuka, kichwa kipana kama sufuria, nikaanza kuamini labda Mungu atalishikilia lile fundo.

Mshipi ukalegea.

Mzee akauvuta mpaka ncha ikamfikia mkononi. Ncha nzima, imejikunja tu. Mtu aliyefunga magogo maisha yake yote anajua kamba iliyokatika na kamba iliyofunguka.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, baba."

Kisha akatoa ndoana nyingine kwenye kopo, akanipa. "Funga lako, nione."

Nilimwelekeza mara tatu, vidole vyake ni vinene. Mara ya nne akafunga mwenyewe. Tulipata sato wawili wa saizi ya kiganja.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshabandika mafuta. Akauliza kambale wako wapi. Nikawahi kusema mshipi umekatika, ili kumsitiri mzee.

Mzee akanikatiza. "Haukukatika. Fundo langu limeteleza. Mume wako alijua, akaninyamazia kama mgeni." Akavuta kiti karibu na changu. "Miaka miwili unaninyamazia hivi hivi. Nilidhani hunipendi."

Wakuu, ule ukimya mimi nilikuwa nauita heshima.

Funzo: braid nunueni ya nyuzi nane, jaribuni fundo kabla ya mshipi, na kwa mkwe jaribuni kufungua mdomo. Kwa adabu, lakini fungueni.

Mliooa milimani, mmewahi kumwambia mkwe amekosea? Mlianzaje? Nasoma zote.