Chai ya Posa kwa Fundi Bahattin

Fundi Bahattin, mpakaji bati wa masufuria ya shaba mjini Erzurum, mashariki mwa Uturuki, alisifika kwa jambo moja: kuingia nyumbani kwake kulikuwa rahisi, kutoka ndiyo kazi. Msoma mita za maji aliwahi kuingia saa tatu asubuhi akatoka adhuhuri, tumbo limejaa chai, mita hajaisoma. Watu walimwita mkarimu. Alikuwa mkarimu kweli, sikatai, lakini pia alikuwa amefiwa na mke, na samovari, lile birika kubwa la chai, ikichemka mtu hutaka wa kuzungumza naye.

Jumamosi hiyo ya Januari, theluji imefika madirishani, wageni walikuja kumposa binti yake wa pekee, Nezahat. Bwana Mümtaz, postamasta mstaafu, alisafiri kutoka Izmir, mwisho mwingine wa nchi, pamoja na mwanawe Serhat aliyesomea uuguzi chuo kimoja na Nezahat. Mila inataka baba wa kijana ndiye atamke ombi, na hatamki mpaka chai imalizwe.

Mila hiyo Bahattin aliijua vizuri mno. Alijua pia kwamba akishaombwa hataweza kukataa, maana alimtafutia kijana kasoro kwa miezi mitatu akaambulia patupu. Ombi likitamkwa, Nezahat amekwenda Izmir. Basi ombi lisitamkwe. Akaisogeza samovari karibu na goti lake, akakataza mtu mwingine kuigusa.

"Karibu, Bwana Mümtaz. Kipande cha sukari weka chini ya ulimi, chai ipite juu yake."

Mümtaz akanywa. Alipoiweka tu glasi chini, ikajazwa. Akanywa. Ikajazwa.

"Kaka Bahattin," alianza kwenye glasi ya nne, akajikohoza, "sababu hasa ya kuja kwetu..."

"Kunywa kwanza, ndugu yangu, itapoa hiyo. Maneno yapo tu."

Kwao Izmir mtu aliyetosheka hulaza kijiko juu ya mdomo wa glasi, na mwenyeji huacha kumimina. Mümtaz alikitafuta kijiko kwa macho, juu ya sinia, pembeni ya sinia, hata kwenye zulia. Kwenye glasi ya saba uzalendo ukamshinda.

"Samahani, kijiko kipo?"

"Cha nini? Sisi hapa hatukorogi."

Na hapo ndipo Bahattin alipotenda dhambi. Erzurum mtu akitosheka huilaza glasi ubavu kwenye kisahani, basi, yamekwisha. Hata mtoto wa miaka mitano anajua. Maneno machache tu yangemwokoa mgeni, lakini Bahattin aliyameza pamoja na sukari yake. Serhat naye hakujua zaidi ya baba yake, na kijana anayeposa hafungui mdomo, kwa hiyo alitazama soksi zake.

Ikaja ya tisa, ikaja ya kumi. Mümtaz alikuwa amebana miguu, jasho linamtiririka, na nje maji yameganda bombani. Kukataa chai ya mkwe ni tusi. Kuulizia choo kabla ya kuulizia mke, hilo nalo hakulelewa hivyo.

"Hii ya kumi na moja imetoka rangi safi kabisa," Bahattin alisema. Moyo ulianza kumtulia. Basi la wageni lilikuwa linaondoka jioni. Akivuta saa moja zaidi, ameshinda.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Nezahat aliingia, akainama mbele ya Bwana Mümtaz, akaichukua glasi mkononi mwake na kuilaza ubavu kwenye kisahani. Wote wakamkodolea macho, maana binti anayeposwa haji kujisemea.

"Baba, mgeni ametosheka."

"Amekwambia nani?"

"Macho yake, baba. Yanaelea."

Mümtaz akasimama wima. Wote walidhani sasa anatoa ombi.

"Choo," alisema. "Kwa heshima zote, choo kiko wapi?"

Nezahat akaonyesha kwa kidole, Serhat akamharakisha baba yake huko. Baba na binti wakabaki peke yao.

"Umefanya makusudi, baba."

"Nimefanya."

"Ungeendelea mpaka lini?"

"Mpaka ukasirike. Sasa umekasirika, na mimi sijui la kufanya." Akaitazama samovari. "Mwanangu, nyumba hii nitakaa na nani?"

Nezahat alimshika mkono, akakaa naye hivyo mpaka wageni waliporudi.

Mümtaz alirudi mtu mpya. Akafunga vifungo vya koti. "Kwa amri ya Mungu na kwa neno la Mtume wake, tunamwomba binti yako Nezahat..."

"Nimetoa!" Bahattin akasema, hata jina la kijana halijatajwa. Miezi mitatu alijizoeza kusema "tutafikiria", lakini alijijua: akinyamaza kidogo tu, mkono utakwenda kwenye samovari. Kisha akalia, mbele za watu, bila kuficha uso.

Mümtaz alisogea kwenye zulia mpaka magoti yao yakagusana.

"Wangu wa kike aliolewa mwaka juzi, kaka. Mwezi mzima nilikuwa nazungumza na redio."

"Halafu?"

"Halafu akaja likizo na mapacha. Siku ya pili nilijifungia stoo, nipate kuisikia hiyo redio."

Bahattin akacheka huku bado analia, na Nezahat, aliyekuwa amezuia kilio chake tangu asubuhi, akakiachia.