Ng'ombe wa Primus na Tumbo la Sirili

Kaka yangu Sirili alianza kukataa nyama Krismasi ya mwaka tisini na sita, na katika ukoo wetu mzima wa Kirua Vunjo, wenye wanaume wa kujaza benchi kadhaa za kanisa, hakutokea hata mmoja wa kujiuliza kama anaumwa. Kwetu mbuzi akichinjwa kila mtu ana fungu lake, na kulirudisha ni kumtukana aliyechinja. Aliyechinja alikuwa Primus, kaka yetu mkubwa, muuza vipuri wa Dar es Salaam, anayepanda mlimani mara moja kwa mwaka kuja kutuonyesha gari. Sirili alitafuna kipande kimoja cha kidari, akasukuma sahani. "Nimeshiba," akasema.

Basi ikawa kesi. Wazee wakanong'ona kwamba Sirili bado ana kinyongo na Primus cha mpaka wa kihamba, lile shamba la migomba alilotuachia baba. Wakaitisha kikao, wakamtoza pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbuzi wa kupatanishwa. Mbuzi mwingine, kwa mtu anayekimbia nyama! Mimi nilikuwepo, nikichota pombe, maana mtoto wa kike kwenye vikao vyetu ana kazi hiyo tu, na ya kunyamaza.

Mwenye macho alikuwa wifi yangu Mektrida, mke wa Sirili, mwanamke mfupi, mkali, aliyekuwa akishuka na ndizi sokoni Kiboriloni na kurudi na habari za mji mzima. Yeye hakuona kinyongo. Aliona mumewe akishiba kwa vijiko viwili vya kiburu, ndizi zetu za kuponda na maharage, akilamba magadi kutuliza kiungulia, akitoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali. Aliposikia kwamba hata choo kimekuwa cheusi kama lami, hakungoja kikao. Alimshusha hospitali Moshi mjini.

Kule walimwingiza mpira wenye taa kooni, wakachungulia tumbo, wakachomoa kijinyama cha kupima. Majibu yakaja: saratani ya tumbo, lakini bado changa. Daktari alisema wazi kwamba wengi huletwa wakiwa wamebaki mifupa, naye hana la kuwapa ila dawa ya maumivu. Huyu, sehemu kubwa ya tumbo ikitolewa mapema, anaweza kupona. "Msichelewe," akasema. Kilichobaki ni gharama. Matibabu ya bure yalikuwa yameshakuwa hadithi, na kahawa mwaka ule haikurudisha hata hela ya dawa ya kuinyunyizia.

Mektrida akaenda posta, akampigia simu Primus.

"Shemeji, saratani haina dawa," Primus akamwambia. "Kumpasua ni kutupa hela. Mwache apumzike. Mungu akimchukua, mazishi niachieni mimi. Nitamzika kwa heshima."

Heshima! Wanaume wetu ni hodari sana wa kuzika. Mtu akiwa hai na anaomba nauli ya hospitali, kila mmoja ana ada ya shule ya kulipa. Akifa, wanashindana nani alete turubai kubwa. Nawadharau kwa hilo, na ni damu yangu.

Mektrida alirudi nyumbani, akafungua ng'ombe zizini. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa Primus. Ni desturi yetu: mwenye mali humweka ng'ombe wake kwa ndugu, ndugu akamkatia majani, akapata maziwa na mbolea, lakini mnyama anabaki wa mwenyewe. Kumuuza ni wizi, tena wizi wa aibu. Mektrida alijua vizuri sana. Asubuhi alimuuza kwa mchinjaji wa Pasua, mchana akalipa hospitali. Sirili akapasuliwa wiki ile ile.

Primus hakupanda kumwona mgonjwa. Alipanda baadaye, Sirili alipokuwa amesharuhusiwa, na alipanda kwa ajili ya ng'ombe. Ua wetu ukajaa watu ambao wodini hatukuwaona hata kivuli. Mektrida akasimamishwa katikati. Primus, na tai yake, akaeleza kwamba ng'ombe alikuwa na mimba, kwa hiyo anadai wawili. Mzee mmoja akaguna kukubali. Nilitamani kummwagia pombe yote usoni.

"Sikatai," akasema Mektrida. "Nilimuuza bila ruhusa. Na nyie mngeniruhusu lini, akiwa jenezani?"

"Shemeji, usitupotezee muda," akasema Primus. "Nimeuliza kitu kimoja tu. Ng'ombe wangu yuko wapi?"

Sirili alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha uji, shati likimpwaya. Akakiweka kikombe chini. Akainuka taratibu, akatembea mwenyewe mpaka mbele ya kaka yake, akafungua vifungo kimoja kimoja. Mshono ulishuka kutoka chini ya kifua hadi kitovuni, bado mwekundu.

"Huyu hapa, kaka," akasema. "Mtoe."

Wazee wote wakainamia vibuyu vyao. Primus akatazama saa, akasema barabara ya Dar ni ndefu.