Shtaka langu la kufanya fujo msibani

Leo nimeenda ofisi ya kata kupinga shtaka la kufanya fujo msibani.
Mimi, niliyeamua ugomvi.

Juzi kule msibani jamaa alikwapua sufuria la wali, mwenzake akamkimbiza na mwiko. Nikamkaba huyo wa sufuria. Wali wote chini.

Leo nikawaita wawili hao wanitetee.
Wakasema, "Sisi watani, tulikuwa tunataniana. Fujo kaleta huyu."

Jamani.

Mtendaji akaniuliza, "Kabila gani wewe?"
"Mngoni."

Mama mfiwa, Mpogoro, ndiye aliyenishtaki, akacheka hadi akashika mbavu. "Kumbe mtani wetu na huyu. Mtani hashtakiwi, mwacheni."

Nageuka kumshukuru, ameshatoka. Na viatu nilivyovua mlangoni kwa sababu ya tope kaondoka navyo.

Nimerudi nyumbani Viwanja Sitini peku.
Haya niambieni, namshtaki wapi?