Sahani za Marehemu

Jumamosi nilikuwa Kibiti nangoja lori la Dar es Salaam lipoe injini, nikamwona mwanamke ametandika jamvi kando ya barabara, anauza sahani za bati za marehemu mama yake. Arobaini imekwisha, mwenyewe kaolewa Nyamisati, na nyumba ya mama lazima iachwe tupu.

Bibi mmoja alikuja na senti zenye sura ya Mfalme wa Uingereza mkononi. Hakuuliza bei. Aliigeuza sahani, akatazama chini yake.

"Mjukuu wangu, rangi hii nyekundu ni alama yangu. Mama yako aliiazima sahani hii siku ya arusi yako."

Muuzaji alijishika mdomo. "Astaghfirullahi! Chukua, bibi, unisamehe."

Loo! Wanawake wote waliokuja kununua wakaanza kugeuza sahani, kila mmoja akitafuta alama yake. Kufika adhuhuri, jamvini zimebaki sahani tatu. Nikamhurumia.

Huruma yangu ilikuwa na haraka. Kumbe wale wanawake walikwenda kukagua makwao. Wakarudi na sahani zenye mstari wa kijani, alama ya marehemu, zilizobaki kwao tangu arusi na matanga ya zamani. Na kwa kuwa sahani ya mtu hairudishwi tupu, hii ilikuwa na mchele wa Chumbi, ile samaki mkavu, nyingine maboga.

"Jamani, mimi nimekuja kupunguza!" muuzaji alisema, akicheka huku anafuta machozi.

"Basi tuanze kupunguza mchele," bibi akajibu. "Washa moto."

Nilipofika nyumbani niligeuza sahani zetu zote. Nne si zetu. Mke wangu ameshaanza kupeta mchele.