Turubai la Mkutano Wetu

Ndugu zangu, kwa masikitiko natangaza kuwa turubai limeshushwa. Hakuna majeruhi.

Leo hapa Tongoni sisi wa kujitolea tulimwandalia mgombea wetu, Mwalimu Zuhura, mkutano wa kumng'oa diwani. Turubai tuliliazima kwa kina mama wa chama cha misiba. Nani hukagua turubai la msiba?

Mwalimu akauliza, "Huyu diwani kawafanyia nini?"

Bi Mwanahamisi, kikongwe aliyekaa mbele, akanyoosha kidole juu. "Si hilo linalokukinga jua, mwanangu?"

Tukatazama. Herufi nyekundu: ZAWADI YA DIWANI WENU.

Mwalimu hakuyumba. "Ahsante, bibi. Lishusheni! Tutazungumza juani!"

Vigelegele! Tukalishusha. Nikajua kata tumeichukua.

Saa saba mchana, lakini. Niambieni, ninyi mngevumilia?

Baraza ya nyumba ya diwani iko ng'ambo ya barabara, na ina kivuli. Watu wote wamehamia huko.